Mzimu wa Skrini ya Tatu

Cleophas alizikwa siku ya Ijumaa, huko kwao Ekerenyo, kando ya migomba ya baba yake.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, jua likiwaka, Abner alikutana naye.

Haikuwa ndoto. Wala haikuwa pombe, maana Abner si mnywaji. Alikutana naye ndani ya kompyuta, na jina la marehemu lilikuwa limeandikwa pale mbele yake, herufi kwa herufi.

Najua wako watakaobisha. Mimi naeleza kama Abner mwenyewe alivyonieleza, na miaka yote hii sijawahi kumsikia akikieleza kisa hiki akicheka.

Ulikuwa mwaka wa 1998.

Mvua za El Niño zilikuwa zimetuachia matope na mbu. Malaria, ambayo wazee wetu waliizoea kama ugonjwa wa watu wa ziwani, ilikuwa imepanda milima ikaingia hadi kwenye majani chai.

Abner alikuwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Marani. Yeye na Cleophas walikuwa walimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Hasmukh. Mwenye chuo alikuwa binti ya Hasmukh, Swati, mwanamke wa miaka thelathini hivi, wa maneno machache. Walimu na wanafunzi wote walimwita Madam.

Usifikirie kompyuta za siku hizi, tafadhali.

Kulikuwa na mashine moja tu yenye akili, imekaa pembeni na feni yake inanguruma kama posho mill inayosaga unga mbali. Kutoka kwake zilitoka nyaya tatu, kila waya na skrini yake kuukuu na kiibodi. Skrini mbili zilikuwa darasani. Ya tatu ilikuwa stoo, nyuma ya ukuta wa plaiwudi, karibu na ngazi ya nyuma.

Cleophas ndiye aliyeleta Linux, mfumo wa kuendesha ile mashine. Rafiki yake wa chuo kikuu Nairobi alimnakilia CD. Wakati huo wengine walikuwa wakitumia mifumo ya kununua au ya kuiba. Huu ulikuwa wa bure kwa haki yake kabisa. Ukitaka, unaupasua tumbo uone ulivyoshonwa ndani, na hakuna wa kukuuliza.

Na ndani ya ile CD kulikuwa na gemu.

Lilikuwa gemu la maandishi matupu, halina picha hata moja. Wewe mwenyewe ni alama ya @. Sakafu ni nukta. Herufi D ni joka, herufi ndogo d ni mbwa, na kadhalika. Unashuka shimoni, ngazi baada ya ngazi, unatafuta kitu kilichofichwa chini kabisa. Ukifa, umekufa. Hakuna kurudia pale ulipoishia. Unaanza upya kama mtoto mchanga.

Wee, lile gemu liliwashika hao vijana wawili.

Walikula wakilizungumza. Mwanafunzi akiuliza swali, mmoja anajibu huku jicho liko kwenye zile nukta. Cleophas alikuwa fundi zaidi. Alikuwa mpole, anacheza polepole, hana pupa. Abner alikuwa wa kukimbilia mambo, kwa hivyo kila siku alikufa ngazi ya nne au ya tano, na Cleophas alimpa pole kwa ile sauti yake ya upole inayouma kuliko matusi.

Abner alitaka kumshinda hata mara moja tu.

Basi ile Alhamisi ikafika.

Saa tano kasoro asubuhi, darasa limetoka, Abner alikuwa skrini ya kwanza. Alikuwa ameshuka hadi ngazi ya tisa. Hajawahi kufika huko tangu azaliwe.

Cleophas akaja akasimama nyuma yake. Alikuwa amevaa sweta mbili.

Alisema kichwa kinampasuka tangu asubuhi na baridi imemwingia kwenye mifupa. Akaomba Abner amsindikize hospitali, kwa sababu miguu haimbebi vizuri na anaogopa kuanguka njiani.

Abner hakugeuka.

"Nipe dakika kumi," akasema. "Dakika kumi tu, bana. Niko ngazi ya tisa."

Cleophas akasema sawa.

Hilo ndilo neno la mwisho Abner alilomsikia akisema. Sawa.

Dakika kumi ziliisha, zikaja nyingine kumi, na nyingine. Ilipokaribia saa saba, joka likammeza Abner ngazi ya kumi, akapiga meza kwa uchungu, ndipo akakumbuka kuna mtu. Akageuka. Darasa lilikuwa tupu.

Akajiambia Cleophas alichoka kungoja akaenda zake tangu saa ile. Akashuka kutafuta chakula.

Siku iliyofuata habari zilikuja kwamba Cleophas amelazwa, hajitambui. Jumamosi alfajiri akafariki. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani.

Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo Abner alipojichimbia shimo.

Siku ya mazishi waliita mtu wa kazini aseme machache. Abner akasimama kando ya kaburi. Mbele yake alikuwa ameketi mama wa marehemu, Mama Celestine, khanga kichwani, macho yamekauka. Kando yake mumewe, Mzee Momanyi. Nyuma yao alisimama Machogu, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa kifua kipana na hasira za karibu.

Watu walikuwa wanangoja kujua siku ya mwisho ya kijana wao ilikuwaje.

Abner akafungua mdomo, na ule ukweli akaumeza.

Akasema: "Alhamisi alikuwa mzima. Tulifundisha, tukacheka, akaniaga vizuri akaondoka. Hakuwa na dalili yoyote."

Watu wakaguna.

Abner aliona Machogu akigeuza shingo, akamtazama mtu fulani kule nyuma kabisa ya umati. Alikuwa ajuza mmoja aliyesimama peke yake chini ya mgomba, kana kwamba wenzake wamemwachia nafasi kwa makusudi. Abner aliona, hakuelewa, akaenda kukaa.

Aliporudi Kisii, shida zikaanza.

Kwanza ni ile sauti. Amekaa darasani mchana, watu wote wameenda kula, anasikia kiibodi ikibonyezwa stoo. Tak. Tak tak. Polepole, bila pupa. Anainuka, anafungua mlango wa plaiwudi, hakuna mtu. Skrini ya tatu imezimwa. Kiti kimesogezwa nyuma kidogo, kama mtu ametoka sasa hivi.

Akasema ni uchovu.

Jumatatu akaona dawa ya mawazo ni kucheza kidogo. Saa nne asubuhi, wanafunzi sita wako darasani, Abner akaketi skrini ya kwanza akaanza kushuka. Siku hiyo alicheza vizuri ajabu. Hakuna kilichomgusa.

Alipofika ngazi ya nane, akafungua mlango wa chumba kimoja, akasimama.

Vitu vilikuwa vimezagaa sakafuni: upanga, taa, chakula. Ni vitu vya mtu. Na katikati ya zile nukta kulikuwa na pengo, mahali pasipo na nukta wala herufi.

Pengo likasogea.

Akapiga hatua moja pembeni. Lile pengo nalo likasogea, likimjia.

Akabonyeza kuuliza ni kitu gani. Mashine ikajibu kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba huo ni mzimu wa cleo, jina ambalo Cleophas aliingilia nalo kwenye mashine.

Abner anasema damu ilimtoka mwilini ikaenda mahali asipopajua. Alirudi nyuma bila kufikiri, hatua mbili, tatu, na alama yake ikakanyaga nukta iliyokuwa na maandishi. Katika gemu hilo unaweza kuandika sakafuni kwa ncha ya upanga. Mashine ikamsomea kilichoandikwa.

ABNER NANGOJA.

Kiti kilianguka. Abner alianguka nacho.

Wanafunzi wakaja kumwinua, mmoja akasoma skrini kwa sauti, na ndani ya dakika moja darasa lilikuwa tupu na ngazi zinatetemeka kwa viatu. Kufikia mchana mji mzima wa Kisii ulijua kwamba kwa Hasmukh kuna kompyuta inayokaa na maiti.

Mzee Hasmukh alipanda mwenyewe, akaitazama mashine kwa mbali, akasema itolewe ikatupwe. Mkewe, Mama Lalita, akaleta udi akauwasha mlangoni, akasimama akiomba kimyakimya. Wazazi wawili walikuja kuwatoa watoto wao chuoni.

Swati peke yake hakukimbia. Aliomba baba yake ampe siku moja.

Jumanne mchana akamwita Abner. Alikuwa ameketi mbele ya mashine, karatasi za maelezo ya gemu ziko mapajani. Akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mwanafunzi.

Gemu hilo, mchezaji akifia chini sana, mara nyingine hukihifadhi kile chumba alichofia: vitu vyake, maandishi yake, na mzimu wenye jina lake. Mtu mwingine akicheza katika mashine hiyohiyo, anaweza kukutana navyo. Hapakuwa na uchawi wowote. Wale waliolitunga walilitunga hivyo, na mistari yenyewe akamwonyesha, maana mfumo ulikuwa wazi na kila kitu kinasomeka.

Abner akajikuta anacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Siku nne zote alikuwa hajalala, kumbe ni mistari ya gemu tu.

Swati hakucheka.

Akasema kuna jambo moja haelewi. Mashine huandika kila anayeingia, skrini gani, saa ngapi. Akamwonyesha kwa kidole.

Cleophas aliingia Alhamisi ile, saa tano na dakika tatu. Skrini ya tatu. Akatoka saa sita na dakika arobaini.

Abner alisoma ule mstari mara tatu.

Saa tano na dakika tatu ni mara tu baada ya "nipe dakika kumi". Cleophas hakuwa ameondoka. Alikwenda tu nyuma ya plaiwudi, hatua nane kutoka pale, akakaa kumngoja. Akafungua gemu apitishe muda, huku anatetemeka ndani ya sweta mbili. Saa nzima na nusu. Mwisho vidole vyake vikashindwa, akafia ngazi ya nane ya gemu, akainuka, akashuka ngazi za nyuma peke yake.

Na sasa Abner akakumbuka kitu kilichomuua moyo. Ile Alhamisi, akiwa ndani ya gemu, aliisikia ile kiibodi. Tak. Tak tak. Alidhani ni mwanafunzi.

"Mwalimu," Swati akasema, "kaburini nilikusikia ukisema alikuaga akaondoka akiwa mzima."

Abner akajifanya anausoma tena ule mstari. Swati hakuuliza tena. Lakini hakumwondolea macho.

Unadhani hapo ndipo mwisho wa mateso yake? La.

Jumatano asubuhi Machogu alikuja chuoni kuchukua vitu vya ndugu yake: koti, vitabu, kikombe. Mkononi alikuwa na mtungi mtupu wa lita tano. Alimsalimu Abner kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa.

Akamshukuru kwa yale maneno ya kaburini.

Abner akauliza maneno gani.

Machogu akaeleza. Hospitali walisema malaria, sawa, lakini malaria iko kwa kila mtu, na watu wanaugua wiki nzima wanapona. Huyu kijana alimalizwa kwa siku mbili. Kuna ajuza jirani yao, Bosibori, mjane anayekaa peke yake. Watu watatu walimwona Alhamisi ile, kwenye kijia cha kutoka barabarani, amemshika Cleophas mkono. Mama yao mwenyewe alisema kijana alianguka ghafla langoni. Walikuwa na shaka tu, hadi Abner aliposimama akathibitisha kwamba Cleophas aliondoka mjini bila hata kikohozi.

"Hapo ndipo tulijua," Machogu akasema. "Mtu anatoka kazini mzima, anashikwa mkono na omorogi, anaanguka. Sasa utasema nini? Kesho saa nane mchana tunamaliza hiyo maneno. Tumeita watu wa ukoo."

Omorogi ni mchawi. Na kila mtu wa kwetu anajua jinsi watu wanavyomaliza maneno ya mchawi. Nyasi za nyumba yake na mafuta ya taa, basi.

Machogu akainua ule mtungi kidogo, kama anayemwonyesha, akashuka ngazi.

Abner aliniambia kwamba siku zote nne zile aliogopa maiti. Dakika ile ndiyo mara ya kwanza alipojiogopa mwenyewe.

Alikwenda kwa Swati akatapika yote. Sweta mbili, dakika kumi, kila kitu. Swati alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza zimebaki saa ngapi hadi kesho saa nane, na Ekerenyo kuna chifu wa aina gani. Hakumwambia pole. Hakumlaumu pia.

Alhamisi walikwenda na pikapu ya dukani, Swati akiendesha. Walipita ofisi ya naibu wa chifu kwanza. Wakaambiwa ameenda mkutano Nyamira. Ilikuwa saa saba na nusu.

Boma la Mzee Momanyi lilikuwa limejaa wanaume. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wametulia, wengine wanakula ndizi za kuchemsha. Abner anasema huo utulivu ndio uliomtisha zaidi. Walikaa kama watu wanaongoja lori la kukusanya majani ya chai. Mtungi ulikuwa umewekwa juu ya jiwe, umejaa.

Ng'ambo ya ua, hatua mia hivi, ilionekana nyumba ndogo ya nyasi. Mlangoni alikuwa ameketi yule ajuza wa siku ya mazishi, Bosibori. Alikuwa amefagia uwanja wake. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Alijua kabisa wanakuja, na hakuwa na miguu ya kukimbilia popote.

Abner hakuwaendea wanaume. Alikwenda jikoni kumtafuta Mama Celestine, kwa sababu aliona yeye ndiye wa kwanza kudaiwa huo ukweli.

Alimkuta peke yake mbele ya mafiga yasiyo na moto. Akapiga magoti chini, akasema yote. Kwamba mwanawe aliamka mgonjwa. Kwamba aliomba kusindikizwa. Kwamba yeye Abner alikuwa anacheza. Kwamba yale aliyosema kaburini yalikuwa uongo.

Alitegemea kupigwa. Alitegemea mayowe.

Mama Celestine aliinuka, akafunga mlango wa jikoni, akarudi akakaa.

"Usiseme hayo huko nje, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Ukitoa yako, na yangu itatoka."

Abner hakuelewa.

Mama akatazama majivu. Akasema Bosibori ni mzee, miaka yake imekwisha, hana mume wala mtoto wa kiume wa kulia. Siku zake zimebaki ngapi? Akasema hayo kama mtu anayerudia maneno aliyoyasema peke yake mara nyingi hadi yakapoteza ladha.

Hapo Abner akatambua. Yule mama aliyeketi kaburini na macho makavu hakuwa amedanganywa na mtu. Alikuwa anajua kitu.

Huko nje wanaume walianza kuinuka.

Abner akafungua mlango akatoka. Alitembea hadi kwenye lile jiwe, akasimama kati ya Machogu na mtungi. Akasema kwa sauti kwamba kaburini alidanganya. Cleophas alikuwa mgonjwa tangu asubuhi ile, ana baridi na kichwa, na rafiki yake alimwacha kwa ajili ya mchezo. Swati akaja akasimama kando yake na karatasi yenye zile saa, ingawa hakuna aliyeitazama.

Machogu alimpiga ngumi moja. Abner akaanguka, akainuka, akarudi palepale.

Watu walianza kugawanyika, lakini Machogu hakuwa mjinga. Akauliza: kama alikuwa mgonjwa hivyo, alifikaje hadi langoni kwa miguu yake, ndipo aanguke baada tu ya kushikwa mkono? Si mama mwenyewe alisema? Watu wakaitikia. Mkono wa mtu mmoja ukafika kwenye mtungi.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama Celestine alitembea polepole hadi mbele ya mumewe. Hakumtazama mtu mwingine yeyote.

"Hakuanguka langoni," akasema. "Bosibori ndiye aliyemleta. Alimkuta barabarani hawezi kusimama, akamkokota hadi hapa, mzee kama yule. Akanikabidhi mkononi. Akaniambia, Celestine, huyu mtoto anawaka moto, mpeleke hospitali saa hii."

Akaendelea.

"Ilikuwa saa tisa. Lori la chai lilikuwa linakuja saa kumi na moja, na wiki iliyotangulia lilikuwa limetuacha. Nikampa vidonge viwili vya kichwa, nikamfunika blanketi, nikaenda kuchuma chai. Niliporudi hakunijua jina."

Akamkaribia mumewe hatua moja.

"Niliogopa kukwambia, Momanyi. Nikasema ameanguka. Walipoanza kumtaja yule mama, nikaona afadhali yeye kuliko mimi."

Mzee Momanyi alikuwa mtu mrefu. Aliketi chini kwenye nyasi kama mtoto, akafunika uso kwa kofia.

Machogu ndiye aliyeuchukua ule mtungi. Watu walisogea. Akatembea nao hadi kwenye mtaro wa maji, akaumwaga wote, akatupa mtungi wenyewe, akaondoka kuelekea barabarani bila kusema na mtu. Hakurudi nyumbani siku tatu.

Watu walijiondokea mmojammoja, wakikwepa kutazama ile nyumba ndogo.

Mama Celestine alivuka ua peke yake. Abner na Swati walimfuata kwa mbali, wasijue kama wanamlinda yeye au wanajilinda. Alipofika mbele ya Bosibori alipiga magoti.

Yule ajuza alimtazama usoni.

"Wiki mbili nimekuwa nikikungoja useme," akamwambia. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. Kisha akainuka kwa kushika kizingiti, akaingia ndani, akafunga mlango wake.

Swati alitaka kumchukua yule ajuza kwa pikapu siku hiyohiyo, ampeleke kwa binti yake aliyeolewa Keumbu. Bosibori akakataa kupitia dirishani. Alisema akiondoka watasema alikimbia.

Mambo hayakurudi kuwa mazuri kwa siku moja, nisikudanganye. Mzee Momanyi hakuzungumza na mkewe hadi Krismasi. Machogu alimwomba yule ajuza msamaha, lakini kwa Abner hajawahi kunyoosha mkono hadi leo. Chuo kilifungwa mwezi uliofuata, kwa sababu wazazi hawakutaka kusikia habari ya mistari ya gemu. Mzee Hasmukh akageuza ile ghorofa kuwa stoo ya rangi.

Abner alikwenda Nairobi, akasoma zaidi, akapata kazi nzuri ya mitambo. Gemu hachezi. Ukimwomba msaada anasimama papo hapo, hata kama anakula, na watu wa ofisini kwake huona hiyo ni tabia nzuri tu aliyozaliwa nayo.

Mwaka wa 2004 alipata habari kwamba Bosibori amefariki, usingizini, kitandani kwake, chini ya paa lake mwenyewe. Akaja mazishini.

Wakauliza ni nani jirani atakayesema machache. Watu wakatazamana. Kisha Mama Celestine, mvi kichwa kizima, akasimama, akaenda mbele. Hakusema mengi.

"Mwanangu alipokuwa anaugua, watu watatu tuliombwa msaada," akasema. "Wawili tulikuwa na shughuli. Huyu hakuwa na shughuli."

Akarudi akakaa.

Ndugu yangu unayesoma, mimi sikuhubirii. Lakini ukiitwa siku moja usimame kando ya kaburi useme neno, sema kweli, au kaa chini. Uongo haumuumizi maiti hata kidogo. Unatoka hapo makaburini kwa miguu yake, unakwenda kutafuta mlango wa mtu aliye hai, na mara nyingi ni mlango wa mtu asiye na wa kumtetea.